Kipaji ni Deni, Lakini Mdai ni Nani?



Kuna msemo umeshika kasi sana miaka ya karibuni: kurudisha kwa jamii. Msanii akifanikiwa tu, hata kabla hatujaisikiliza kazi yake vizuri, tunamuuliza amerudisha nini kwa jamii. Na akiwa mwanamke swali linakuja mapema zaidi. Kaka akinunua gari tunasema jamaa amejipanga. Dada akinunua gari, tunataka kujua kule kwao kisima kimeshachimbwa au bado.

Hebu tulitazame hilo neno lenyewe, kurudisha. Kwa Kiswahili huwezi kurudisha kitu ambacho hukuchukua. Ukimpa jirani sufuria yako, umempa. Ukimpelekea sufuria yake uliyoazima wiki iliyopita, umerudisha, na hapo hakuna wa kukupigia makofi, kwa sababu ulikuwa na deni. Kwa hiyo mtu anayesema msanii arudishe ameshaamua, pengine bila kujua, kwamba kipaji ni mkopo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, aliyekopesha ni nani, na nani ana haki ya kuja kugonga mlango kudai?

Nusu ya kwanza ya swali hili Kanisa limeshaijibu, tena wazi. Katekisimu, namba 1936 na 1937, inafundisha kwamba vipaji havikugawiwa sawasawa, na kwamba Mungu ametaka iwe hivyo ili kila mmoja apate kwa mwenzake kile anachokosa. Palepale inamleta Mtakatifu Katarina wa Siena, ambaye anaeleza kwamba Mungu angeweza kumpa kila mtu kila kitu, lakini hakufanya hivyo, ili tulazimike kupendana. Mtume Petro naye katika barua yake ya kwanza (1 Pet 4:10) anatuita mawakili wa neema tuliyoipokea. Wakili hamiliki. Na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye ujanani mwake alikuwa mwigizaji na mwandishi wa tamthilia, aliwaandikia wasanii barua siku ya Pasaka mwaka 1999 akiwakumbusha kwamba kipaji chao ni wito na ni huduma kwa wengine. Basi ndiyo, ni deni. Hapo hatubishani.

Nusu ya pili ndiyo inayonisumbua. Na nisingependa tuizungumze hewani. Nimechagua wanawake wawili ambao hawakukutana kamwe, mmoja wa hapa kwetu na mmoja wa Marekani, ambao kwa namna ya ajabu wote walianzia kwenye udongo wa mfinyanzi.

Wa kwanza unamjua, au angalau umelisikia jina lake: Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti akavichukua kwenda kuviuza mitaani akinadi kwa sauti. Sauti ile ndiyo iliyomfungulia njia. Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza kwa wanamuziki wa taarab, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri ambazo zilisambaa pwani nzima.

Taarab ya ikulu ya Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti akaimba kwa Kiswahili. Leo tunaona jambo dogo, lakini fikiria mchukuzi wa bandarini au mama wa Ng'ambo ambaye kwa mara ya kwanza anasikia lugha anayogombania bei ya samaki ikitoka kwenye gramafoni, imevaa nguo za heshima. Na hakuimba mapenzi peke yake. Aliimba habari za mahakamani, za wanawake walioonewa, za wenye pesa waliokwepa hukumu. Wapinzani wake walimtungia nyimbo za kumdhihaki kwa asili yake na sura yake, naye akajibu kwa nyimbo. Maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert, na miaka mingi baadaye waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, kupitia TAMWA, waliliita jarida lao Sauti ya Siti.

(Najua kuna atakayeuliza: Siti alikuwa Mwislamu, anafanya nini kwenye tafakari ya vijana Wakatoliki? Soma Nostra Aetate, namba 2. Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu kwa majirani zetu, na mimi ni nani nikatae?)

Sasa angalia alirudisha nini. Alichukua lugha ya watu wake na habari zao, akavirudisha vikiwa nyimbo. Kitu kilekile alichoazima ndicho alichorudisha, ila kimeongezeka thamani. Nadhani hapa tunakosea sana tukisema kurudisha kwa jamii maana yake ni magunia ya unga na picha ya kupeana mikono mbele ya kituo cha watoto yatima. Unga ni mwema, mwenye njaa hali wimbo. Lakini msanii anaweza kugawa unga kila Krismasi huku kazi yake yenyewe mwaka mzima inawatukana wasichana wa mtaani kwake. Huyo hajarudisha sufuria. Ameitoboa, kisha analeta mfuko wa sukari.

Wa pili pengine humjui, kwa hiyo niruhusu nikae naye zaidi. Anaitwa Augusta Savage. Alizaliwa mwaka 1892 Green Cove Springs, mji mdogo wa Florida, mahali penye udongo mwekundu wa kufyatulia matofali. Tangu mdogo alikuwa akichota udongo ule na kufinyanga bata, kuku, chochote. Baba yake, mhubiri wa Kimethodisti, aliona hizo ni sanamu za kuchonga, kitabu cha Kutoka kimezikataza, akawa anamchapa. Alimchapa kiasi kwamba Augusta mwenyewe baadaye alisema nusura usanaa wote umtoke kwa fimbo. Inasimuliwa kwamba kilichombadilisha yule mzee ni sanamu ya Bikira Maria ambayo binti yake aliifinyanga. Alipoiona, akalainika. Sisi tuliokua tukipita mbele ya sanamu ya Mama kila Jumapili tunaweza kutabasamu kidogo hapo.

Mwaka 1921 alifika New York akiwa na pesa kidogo sana, akapokelewa Cooper Union, chuo ambacho hakikutoza ada, na kozi ya miaka minne akaimaliza kwa mitatu. Mwaka 1923 aliomba nafasi kwenye masomo ya majira ya joto huko Fontainebleau, Ufaransa. Walipogundua ni mweusi, wakamnyima. Hakunyamaza, alipeleka suala magazetini na jina lake likajulikana, ingawa wapo wanaosema ujasiri ule ulimfungia milango mingine. Katika miaka hiyo alifanya kazi ya udobi ili asaidie wazazi na ndugu. Ufaransa alifika mwishowe, mwaka 1929, kwa ufadhili aliopata baada ya kufinyanga sanamu ya kijana wa mtaani mwenye kofia, ambayo mpaka leo ndiyo kazi yake inayojulikana zaidi.

Aliporudi, Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Kila mtu alikuwa anatafuta pa kujishikiza. Msanii aliyetoka Paris angejifungia achonge, ajenge jina, auze kwa matajiri wachache waliobaki. Yeye mwaka 1932 akafungua karakana Harlem na kuanza kufundisha. Watoto, vijana, watu wazima, yeyote aliyetaka kujifunza. Serikali ilipoanzisha mpango wa kuwaajiri wasanii wakati wa mdororo, alipambana ili wasanii weusi nao waandikishwe. Mwaka 1937 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Harlem Community Art Center, kituo cha sanaa cha jamii.

Mmoja wa vijana aliowasaidia ni Jacob Lawrence. Augusta alimshika mkono akampeleka kwenye ofisi ya ule mpango wa serikali. Wakamwambia umri haujatosha. Kijana akasahau habari ile, Augusta hakusahau: umri ulipotimia alimrudisha palepale, na safari hii akaandikishwa. Baada ya miaka michache Lawrence alichora mfululizo wa picha 60 kuhusu watu weusi waliohama kutoka Kusini kwenda Kaskazini, na leo picha hizo zinahesabiwa kati ya kazi kubwa za sanaa za Marekani. Mke wake, Gwendolyn Knight, naye alikuwa mwanafunzi wa Augusta.

Mpaka hapa ni simulizi nzuri, na wengi wangeishia hapa. Lakini inaendelea.

Kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia ya New York mwaka 1939, Augusta alipewa kazi ya kutengeneza sanamu, mmoja wa wanawake wachache sana waliopata nafasi hiyo. Alichukua wimbo ambao Wamarekani weusi wanauhesabu kama wimbo wao wa taifa, akautengeneza kuwa kinubi chenye urefu wa karibu mita 5. Nyuzi zake ni waimbaji 12 waliosimama kwa mpangilio, mrefu mpaka mfupi. Mti wa kinubi ni mkono wa Mungu uliowabeba. Mbele amepiga magoti kijana aliyeshika nota. Watu wengi sana waliiona, na nakala ndogondogo ziliuzwa kama kumbukumbu za maonyesho.

Sanamu ile ilikuwa ya plasta. Kuisubu kwa shaba kulihitaji pesa, na hazikupatikana. Hata pesa za kuihamisha na kuitunza hazikupatikana. Maonyesho yalipofungwa, ikavunjwa pamoja na mabanda mengine. Na ile kazi yake ya ukurugenzi, aliyokuwa ameiacha kwa likizo ili afanye sanamu hii, ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine. Alifungua jumba la kuonyesha kazi za wasanii weusi, halikudumu. Katika miaka ya 1940 akahamia Saugerties, mji mdogo nje ya New York, akaishi maisha ya shamba, akiendelea kuwafundisha watoto wa huko. Alifariki mwaka 1962, wengi wakiwa wameshamsahau. Kazi zake nyingi zimepotea.

Aliwahi kusema kwamba yeye mwenyewe hakuona kama ameumba kitu cha kudumu, lakini kama ataweza kuamsha kipaji cha mmoja wa vijana wale, basi mnara wake wa kumbukumbu utakuwa katika kazi zao. Maneno haya yananukuliwa kila mahali Augusta anapotajwa, kwa sababu yanatuliza. Ndiyo, kinubi kilivunjwa, lakini angalia wanafunzi! Kiukweli mimi nayaamini kwa nusu tu. Yakitoka mdomoni mwake ni unyenyekevu, na ni mazuri. Yakitoka mdomoni mwa waliokosa pesa ya kuokoa kinubi chake, ni risiti ya kujiandikia wenyewe.

Turudi kwenye swali. Ni deni, tumekubali. Mdai ni nani?

Mfano wa talanta (Mt 25:14-30) tumeusikia mpaka umezoeleka, na mara nyingi unatumika kama fimbo: wewe binti una sauti, usiifukie, njoo uimbe. Lakini soma tena aya ya 19. Baada ya muda mrefu, bwana wa wale watumishi alirudi akafanya nao hesabu. Alirudi yeye mwenyewe. Hakuna mahali mtumishi mwenye talanta mbili anatumwa kwenda kumkagua mwenye tano. Hesabu ni kati ya mtumishi na bwana wake.

Lakini subiri, usikimbie na hilo. Msanii mchoyo angelipenda sana: deni langu ni kwa Mungu, ninyi niacheni. Sura haijaisha. Kuanzia aya ya 31 unakuja ule mfano wa kondoo na mbuzi, na hapo Bwana anaonyesha amejificha wapi: kwa mwenye njaa, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, mfungwa. Kwa hiyo deni ni la Mungu, ila anapokelea malipo kwenye mikono ya wadogo. Ukiunganisha mifano hii miwili unapata kitu ambacho mimi nimekiona cha msaada sana. Anayeweza kugonga mlango wa msanii kwa haki ni yule mwenye uhitaji wa kweli. Yule mtoto wa Harlem mwenye kalamu na asiye na mwalimu ana haki hiyo. Mimi ninayependa tu kusikia muziki mzuri kwenye sherehe yangu bila kutoa senti, sina. Kumpenda msanii, kuwa kabila moja naye au parokia moja, hakunifanyi mdai.

Na sasa tuje nyumbani, maana huku ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo.

Kila parokia ina dada wa namna hii. Anafundisha kwaya ya watoto, anajua nota, anapiga kinanda kidogo, mara nyingine anatunga. Wiki ya sherehe, iwe jubilei ya padre au kutabaruku kanisa, kamati inakaa na bajeti. Turubai na viti, vimelipwa. Chakula, kimelipwa. Mpiga picha na mshereheshaji, wamelipwa, tena wameomba malipo ya awali na wakapewa. Wakifika kwenye kwaya, mwenyekiti anatabasamu: hawa ni watoto wetu, wanamwimbia Mungu. Dada anajilipia nauli mazoezi ya wiki tatu, sare ananunua kwa mfuko wake, anarudi nyumbani saa mbili usiku na vyombo vya jana vinamsubiri. Akithubutu kuuliza hata nauli ya watoto, anaambiwa roho yake imeingia tamaa. Akikataa, anasomewa mfano wa talanta.

Watu wenye nia njema wanatoa jibu hili: mbona Yesu alimsifu mjane aliyetoa senti zake mbili za mwisho? Si alitoa vyote? Basi naye atoe.

Nenda kwenye Injili ya Marko, sura ya 12. Habari ya mjane iko aya ya 41 mpaka 44. Halafu panda juu kidogo tu, aya ya 40. Yesu anawalaani wale wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Ni sura hiyohiyo, ni hekalu hilohilo. Anamsifu mjane, hasifu sanduku. Utakatifu wa anayetoa vyote haumpi mtu mwingine yeyote ruhusa ya kumwomba atoe vyote, sembuse kumdai. Ukiielewa tofauti hii, nadhani umeelewa karibu kila kitu kuhusu Augusta Savage pia. Alifanya vema kujitoa. Waliomwacha mpaka kinubi kikavunjwa hawakufanya vema, na wema wake hauwafunikii.

Kuna hofu ya kweli hapa na sitaki kuipita kwa dharau. Tukianza kulipana kwenye kwaya, si tutaua roho ya kujitolea? Kesho msoma masomo atataka posho, keshokutwa mtumishi wa altare. Nimeshaona kwaya ikivunjika kwa ugomvi wa mapato ya albamu, na ni jambo baya kuliona. Lakini sisemi kila wimbo ulipiwe. Ninachosema ni kwamba sadaka ili iwe sadaka lazima mtoaji awe anaweza kusema hapana na bado akasalimiwa vizuri Jumapili. Mtume Paulo (2 Kor 9:7) anataka kila mtu atoe kama alivyoamua moyoni, si kwa kulazimishwa. Kitu usichoweza kukikataa bila kuitwa mbinafsi kina jina lingine: ni ushuru. Na pale ambapo ni kazi kweli, yaani wengine wote wamelipwa na yeye ndiye aliyefanya kazi ndefu kuliko wote, Katekisimu namba 2434 haizunguki: ujira wa haki ni tunda halali la kazi, na kuuzuia kunaweza kuwa dhuluma kubwa. Haikuandikwa pale kwamba isipokuwa kazi ya kisanaa, wala isipokuwa ya dada.

Maana tusidanganyane, hili linawaangukia zaidi dada zetu. Fundi wa spika analipwa, na karibu kila mara ni kaka. Mwanamke tumezoea kumwona kama mtu ambaye kutoa ni maumbile yake, kama vile kisima, na nani hulipa kisima? Yohane Paulo II katika barua yake kwa wanawake ya mwaka 1995 aliwashukuru wanawake kwa mchango wao, pamoja na ule wa katika sanaa, na akasikitika kwamba mara nyingi historia imeuacha pembeni. Zamani sana Yoshua bin Sira (38:24-34) alishaona kitu cha namna hiyo kwa mafundi wa mikono, akimtaja hata mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa miguu. Bila hao, anasema, hakuna mji unaokalika. Lakini kwenye baraza hawaitwi. Wanaushikilia ulimwengu, na kazi yao ndiyo sala yao.

Ukitaka kuona jumuiya iliyoelewa deni lake yenyewe, soma Matendo ya Mitume 9:36-43. Yopa palikuwa na mfuasi mwanamke, Tabitha, kwa Kigiriki Dorkas. Alikuwa fundi wa nguo, akiwashonea wajane. Akaugua, akafa. Hatuambiwi aliacha mali kiasi gani wala aliongoza chama gani. Lakini Petro alipofika, wajane walisimama kumzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkas aliwatengenezea alipokuwa bado nao.

Naipenda sana picha hiyo. Wajane wale hawakuwa na fedha ya kumlipa, na ninaamini hakuwahi kuwadai. Lakini hawakuvaa nguo zake wakakaa kimya. Walizibeba. Walishika kitambaa mkononi wakasema hii, na hii, na hii, ni yeye. Kazi yake ilikuwa na jina lake. Na kwa sababu walisimama pale wakionyesha nguo, Petro aliwatoa nje, akapiga magoti, akasali, na jumuiya ikarudishiwa mshonaji wake akiwa hai. Kurudisha, unaona, kulikwenda pande zote mbili.

Mambo mengine hapa hayahitaji bajeti. Kwenye karatasi ya nota za ule wimbo mlioimba Pasaka, aliyetunga ametajwa? Na kama alitunga dada wa kwaya ya watoto, je, jina liko pale au limeandikwa tu jina la kwaya? Siku ya shukrani mwisho wa sherehe, wafadhili wanasimamishwa, kamati inasimamishwa. Yeye anasimamishwa lini? Nauli ya watoto iko kwenye bajeti, au iko kwenye pochi yake?

Mwaka 2018 jumba la makumbusho la Cummer huko Jacksonville, Florida, jimbo lilelile alilozaliwa, liliandaa maonyesho juu ya Augusta Savage, na mwaka uliofuata yakapelekwa New York. Waandaaji hawakuwa na kazi zake nyingi za kuonyesha, kwa sababu nyingi hazipo. Basi zile chache zilizosalia wakaziweka ukumbini pamoja na kazi za waliokuwa wanafunzi wake, na jina lake juu. Kinubi kikubwa hakikuwepo. Zimebaki zile nakala ndogo zilizouzwa kwa wageni mwaka 1939, zinazoweza kubebwa kwa mkono mmoja, waimbaji wote 12 wakiwa bado wamesimama kwa mpangilio.

Mtakatifu Tabitha wa Yopa, utuombee.